Ukuta Ulioachwa Nusu Ndani ya Nguruwe wa Ndera

Rafiki yangu, wewe ambaye ningekuachia funguo ya nyumba na sufuria ikiwa motoni, sogea hapa karibu. Nimeacha kazi juzi tu, na mkono wangu haujapata habari. Ukiona kisu unatafuta kitu cha kukata kiwe chembamba. Jana nimekata vitunguu vya mboga mpaka binti yangu Aline akaniuliza, "Mama, hizi vitunguu ni za kula ama za kuangalia?"

Najua wengi wenu pale maabara mlikuja na mikono yenu ya Kampala, ya Bukavu, ya Karagwe, ndiyo maana naandika Kiswahili, ile lugha tulikuwa tunagombania nayo chai. Mwanamke wa miaka yangu haachi kazi, hilo najua. Lakini daktari wa kifua aliniambia hewa ya fomalini na mapafu yangu haviwezi kukaa nyumba moja tena. Sikulia. Basi, nililia kidogo, halafu nikaimba, na nilipofika ubeti wa pili nilikuwa tayari nacheka, kwa sababu nilikumbuka nguruwe wa Ndera.

Kwa yule ambaye hatujui: kazi yangu ilikuwa kuchukua kipande cha mnyama mgonjwa, kukizamisha kwenye nta, kukikata kiwe chembamba mpaka mwanga upite, kukipaka rangi, na kumpa daktari wa wanyama akiangalie kwa mikroskopu. Na hapa Mungu alinichekesha. Kanisani kwetu tunasali Jumamosi na nguruwe hatumli. Sijawahi kuweka kipande mdomoni. Lakini kwa ndani namjua nguruwe kuliko wale wote wanaokaa Kabuga jioni ya Ijumaa na sahani ya akabenzi, nyama ya nguruwe ya kukaanga, na pilipili, wanalamba vidole.

Nianze na siku ya kwanza. Wakati huo nilikuwa naishi Gitega ya hapa Kigali, chumba kimoja, mlango unagusana na mlango wa jirani. Sekondari nilimaliza kwa masomo ya jioni, mtoto mgongoni, na cheti cha maabara nacho nilikipata jioni, kwa hiyo kuingia kazini asubuhi, na jua linawaka, kulikuwa kama sikukuu. Nilipiga pasi kila kitu, hata kitambaa cha kichwa.

Aliyenipokea ni Mzee Kalisti. Yeye alijifunza ile kazi Bukavu, na koti lake jeupe lilikuwa na madoa ya zambarau ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyashinda. Hakuniuliza cheti. Aliweka mezani avoka, lile parachichi letu kubwa la ganda jeusi, na kisu.

"Kata."

"Vipi, Mzee?"

"Kata tu, nione."

Nikakata kama mama yeyote anavyokata. Nikazungusha kisu, nikatoa kokwa, nikamenya ganda, nikapanga vipande kwenye kisahani vizuri, hata nikavifanya viinamie upande mmoja. Mzee Kalisti aliangalia kile kisahani kama mtu aliyesikia kwaya inaimba wimbo usio wake.

"Mwanangu, weye umenipa chakula. Mimi nilitaka habari."

"Habari gani, Mzee?"

"Kokwa iko wapi? Ganda iko wapi? Hapa nitajuaje kama hii ilikuwa avoka ama ilikuwa siagi?"

Akachukua avoka lingine, akalipiga kisu kikubwa ganda, nyama na kokwa kwa pamoja, mara mbili, mpaka akapata kipande kimoja cha duara. Katikati kokwa, halafu njano, halafu kijani, halafu ganda jeusi. Akakiinua dirishani.

"Kila siku unikatie namna hii. Ukinipa katikati peke yake unanipa kifo, na kifo kikishakuwa kifo hakisemi kimetoka wapi. Nipe ukingo. Pale mzima na mgonjwa wanagusana, pale ndio iko maneno."

Kisha akatia chumvi, akala maavoka yote mawili, na kazi ikaanza.

Mashine ya kukatia nayo niliipenda siku hiyo hiyo. Nzito kama cherehani ya zamani, gurudumu pembeni, wembe umelala mbele. Ukizungusha, nta inatoka kama utepe, kipande kinamshika mwenzake mkia, unaipokea kwa brashi ndogo na kuilaza juu ya maji ya vuguvugu, inanyooka yenyewe kama shuka kwenye kamba. Usipige chafya. Ukipiga chafya, mgonjwa wako anarukia kwenye sinki. Mimi nilikuwa nazungusha kwa nyimbo za kanisa, na Mzee aligundua kwamba nyimbo za furaha zinaharibu kazi: mkono unakimbia, utepe unatoka mnene. Akanipigia marufuku pambio. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo, rafiki yangu, nilikuwa mtu mwenye furaha anayeimba nyimbo za msiba. Wageni waliopita koridoni walikuwa wananipa pole.

Mzee Kalisti alipostaafu, akaja Dogiteri Solange, daktari wetu mpya wa wanyama. Alikulia Kampala, anavaa raba chini ya koti, na akicheka vioo vinatetemeka kwenye kabati. Nilimuogopa wiki moja. Halafu aliniuliza kwa nini naomba kabla ya kuwasha mashine, nikamwambia naomba wembe usikwaruze, na tangu hapo kila tukipata kazi ngumu alikuwa anasema, "Mama Aline, hii ombea mara mbili."

Sasa nguruwe wa Ndera.

Mwenyewe anaitwa Mama Devota. Alizaliwa Karagwe, walikokimbilia wazazi wake, akarudi huku kwetu akiwa msichana, na huko Ndera nyuma ya zile nyumba mpya ana banda la nguruwe ambalo ni safi kuliko vyumba vingi nilivyopanga. Jike lake kubwa aliliita Bunani, kwa sababu lilizaliwa siku ya mwaka mpya, na siku za habari hii Bunani alikuwa na mimba. Noeli ilikuwa inakaribia, wakati ambapo Kigali yote, isipokuwa sisi, inakumbuka nguruwe. Mama Devota akapeleka mmoja machinjioni. Mkaguzi akapasua matezi ya shingo, kama anavyopaswa, akakuta vinundu vyeupe kama jibini.

Akasimamisha kila kitu. Hakuna nguruwe kutoka kwenye banda, hakuna kuingia. Hofu ilikuwa kifua kikuu cha ng'ombe, kile kinachoweza kumhamia mtu. Kama ni hicho, daktari wa mifugo wa sekta, ile serikali ya mtaa, alisema hatangoja: wote wanauawa na kufukiwa, Bunani na mimba yake ndani. Kama ni kile cha ndege, ambacho ni ndugu yake lakini kwa nguruwe hakina balaa kubwa hivyo, banda linasafishwa na nguruwe wanaishi. Jibu la uhakika linatoka maabara nyingine, ambako wanamuotesha mdudu polepole, na huyo mdudu hana haraka, anaota wiki na wiki. Sekta ilitaka kutoka kwetu neno moja tu: tungoje, ama tuue sasa?

Tezi ikaja. Yule mkaguzi ni mtu wa heshima sana, na heshima yake ndiyo ilituponza. Aliposikia kitu kinaenda kwa madogiteri, alikifanyia adabu ya mgeni. Mgeni unampa katikati ya mkate, humpi ukingo. Kwa hiyo alitoa nyama yote iliyozunguka, akatoa mafuta, akaosha, na ndani ya chupa ya fomalini akaweka ile jibini nyeupe peke yake, inang'aa, kama zawadi ya ubatizo.

Niliikata. Ilivunjika kama vumbi, nikairudia, nikaimba msiba wangu wote. Niliipaka ile rangi nyekundu ya wadudu wa jamii hiyo, ambao wakiishika hawaiachi hata uwamwagie asidi. Dogiteri Solange akainama.

"Vijiti vyekundu vipo viwili vitatu. Kwa hiyo ni ile familia. Lakini wa ng'ombe na wa ndege kwenye hii rangi wanafanana kama mapacha. Sasa mwili wenyewe uko wapi? Mama Aline, umeniletea nini hapa, unga wa mihogo?"

"Nimekata kilicholetwa, Dogiteri."

"Hapa hakuna seli hata moja iliyo hai. Ni kama nimefika kwenye harusi watu wameshaenda, nimekuta viti."

Tukaangaliana, na wote wawili tukasema kwa pamoja, "Ukingo." Maana hata Dogiteri, Mzee Kalisti alikuwa amemkatia avoka, wiki ile ya kukabidhiana.

Mkaguzi akakubali mmoja mwingine wa banda lile lile achinjwe mbele ya macho yake. Simu kwa Mama Devota nilipiga mimi.

"Mama Devota, tunataka tezi pamoja na nyama yake pande zote. Msisafishe."

"Tusisafishe?"

"Msioshe, msichonge. Ikae na mafuta yake na kila kitu."

"Yewe! Tangu nazaliwa naambiwa kata vizuri, Devota, kata vizuri. Leo madogiteri wa Kigali wananitafuta kwa simu nikate vibaya?"

"Vibaya sana, Mama Devota."

"Hiyo, sha, nitawaweza."

Na kweli. Alikuja mwenyewe, chupa ameifunga kwenye kitenge kifuani kama mtoto wa siku tatu. Ndani kulikuwa na bonge la nyama lenye sura mbaya, limekatwa ovyo ovyo, na mimi nilikaribia kulibusu. Tezi, vinundu, nyama nzima, mafuta, vyote vimeshikana. Avoka zima!

Kuiandaa nta kunachukua muda, na Mama Devota alirudi kwake, halafu siku ya kuangalia alikuwa mlangoni kabla yetu. Alikaa kwenye benchi ya koridoni na akakataa kuondoka. "Hao ni watoto wangu mnawasoma humo," alisema. Mwishoni Dogiteri alichoka kumuona kupitia kioo cha mlango, akamvalisha koti langu la ziada, akamkalisha kwenye ile mikroskopu ya watu wawili, yenye macho huku na macho kule.

Mimi nilisimama nyuma yao. Nilikuwa nimepaka kioo cha kwanza waridi na zambarau, na kingine ile rangi tatu, ambayo nyuzi za mwili zinatoka buluu. Nikashika msalaba wangu mdogo wa mfukoni.

"Mama, unaona hawa wakubwa wa waridi?" Dogiteri akaanza.

"Nawaona. Wamenenepa."

"Hao ni walaji. Kazi yao ni kumeza mdudu. Wamemmeza, amekataa kufa. Sasa wamevimba, wamebanana kama vigae vya sakafuni ili asipite. Na huyu hapa, umemwona? Kadhaa wameungana wamekuwa mtu mmoja mwenye vichwa vingi."

"Kama kamati."

"Kama kamati kabisa. Halafu hizi nukta za zambarau zimezunguka nje."

"Hizo zinafanya nini?"

"Nyingine zinatoa amri, nyingine zimesimama."

"Nazijua," akasema Mama Devota. "Ni umuganda. Kila mwisho wa mwezi tunaitwa wote kazi ya kijiji, wanaochimba ni watatu, wanaosimama na jembe begani ni kijiji."

Dogiteri alicheka mpaka kioo kikatoka mahali pake, ikabidi tuanze upya. Lakini lile neno alilishika, na tangu siku hiyo kila mwanafunzi aliyepita kwetu alifundishwa granuloma, yaani hicho kinundu, kwa umuganda. Kwa sababu ni umuganda, rafiki yangu! Fikiria. Mdudu amekaa, hauawi, hafukuzwi. Basi watu wanaitana. Walaji na zile nukta wanatoka mbali, wanakuja na damu, kama wale wanaoletwa na gari wakiwa na majembe mapya. Lakini wageni hawajui udongo wa pale. Ukuta unajengwa na wenyeji, seli za tezi yenyewe, nyembamba kama sindano, ambazo zilikuwepo siku zote zimenyamaza. Hizo ndizo zinasokota nyuzi. Zikiamua kusokota nyingi na kuzungusha, granuloma inakuwa duara, imefungwa, ndani hakuna hewa, panakufa, panakuwa jibini, baadaye chokaa, na wembe wangu unalia krr krr. Zikisokota kidogo, granuloma inabaki wazi, inatambaa kama maboga shambani. Mdudu ni yeye analeta ugomvi, lakini umbo, umbo ni la wenyeji. Mimi nimekata hiyo kitu miaka na miaka, na kila nikiifikiria nataka kupiga makofi.

"Sawa," akasema Mama Devota, sauti imeshuka. "Na hao wenyeji wa kwangu, wamejenga nini?"

Dogiteri akatoa kioo cha waridi, akaweka kile cha rangi tatu, nyuzi za buluu. Akasogeza kidogo. Akasogeza tena. Nilisikia friji inanguruma. Niliomba kwa maneno yaliyopatikana, mengine yalikuwa hata si sala, yalikuwa ni "Bunani, Bunani, Bunani."

Mabega ya Dogiteri yakaanza kutikisika.

"Unacheka nguruwe zangu?" Mama Devota akauliza.

"Nacheka ukuta, Mama! Uko wapi? Angalia pale kwenye buluu. Wameanza hapa, wameweka nyuzi mbili tatu, wameacha, wameenda kunywa ikigage! Hapa tena wameanza. Wameacha. Na huku walaji wametawanyika tu, wamefika mpaka kwenye nyama nzima. Hakuna duara, chokaa ni punje tu."

"Hiyo ni mbaya?"

"Subiri usifurahi bado. Kwa nguruwe, yule wa ng'ombe mara nyingi anajengewa ukuta mnene, na chokaa ndani. Yule wa ndege mara nyingi anaachwa hivi, wazi. Nimesema mara nyingi. Umbo linanong'ona, haliapi. Kwa kiapo tunangoja ile maabara nyingine. Lakini limenong'ona vya kutosha nipige simu sekta waache bunduki nyumbani." Akaondoa macho kwenye mikroskopu. "Niambie, unafuga kuku?"

"Hata mmoja."

"Nguruwe wanalalia nini?"

"Maranda. Natoa kwa fundi wa mbao, Kabuga. Maranda laini, safi."

"Na kwa fundi kuna kuku?"

"Kuku wa mke wake, wengi. Wanalala juu ya hayo maranda, wanataga humo humo. Mwezi uliopita nilifungua gunia nikakuta mayai manne!" Akapiga kifua. "Nikapiga magoti pale bandani nikasema, Mungu, asante, hata gunia umelibariki."

Nikaanza mimi kucheka, Mungu anisamehe, nikafuatwa na Dogiteri, na mwisho mwenyewe Mama Devota akaelewa kilichokuwa kimelala kwenye yale maranda pamoja na mayai yake ya baraka, akafunika uso kwa mikono ya koti langu na kucheka mpaka akalia, na kulia kwake kukageuka kulia kweli, tukamshika. Mimi sinywi, lakini siku ile nilitembea mpaka nyumbani kama mtu aliyekunywa.

Kungoja ndiyo ilikuwa kazi. Maranda yalitolewa yote na kuchomwa, nguruwe wakalazwa kwenye nyasi kavu, Mama Devota akawa anaosha buti na mikono kama anaingia upasuaji. Noeli ikapita hajauza hata mguu. Bunani akazaa kwenye hizo nyasi, watoto wengi, na hakuna aliyejua kama tuseme hongera ama pole.

Jumamosi nilipeleka ombi kanisani. Mchungaji alinivuta pembeni.

"Mama Aline, umesema tuwaombee nani?"

"Nguruwe, Mchungaji. Wa Ndera."

"Tuombe nini juu yao?"

"Wasiuawe."

Akapanda mimbarini, akawaombea "viumbe wote wa Ndera na wanaowalisha," akaruka jina. Nikasema amina kwa nguvu kuliko watu wote.

Na jibu likaja: wa ndege. Dogiteri alimpigia Mama Devota simu, akaiweka kwa sauti tusikie wote. Upande wa pili tukasikia sufuria. Mama Devota alikuwa amechukua sufuria na mwiko, anapiga, anazunguka banda, na nyuma yake nguruwe wote wanapiga kelele, banda zima, Bunani juu ya wote kwa sauti nene. Tuliisikiliza ile kwaya mpaka salio likaisha. Ni wimbo pekee wa furaha uliowahi kupigwa pale maabara, na wembe haukuharibika.

Siku yangu ya mwisho mliniletea keki, mnakumbuka. Mlinipa kisu, na kila mmoja alitaka katikati, pale penye waridi la sukari. Nikawakatia kuanzia ukingoni mpaka katikati, vipande vyembamba, sukari, krimu, keki na ile sehemu iliyoungua kidogo. Dogiteri akainua cha kwake dirishani: "Kinasomeka." Halafu mlango ukafunguka akaingia Mama Devota na kikapu, na ndani ya kikapu mjukuu wa Bunani, ana utepe shingoni.

"Wa kwako," akasema. "Nimekutafutia mzuri."

"Mama Devota, mimi siwali!"

"Nani amekwambia ule?"

Kwa hiyo nina nguruwe. Anaitwa Ukingo. Anaishi Ndera kwa sababu kule kuna banda na kwangu kuna Mchungaji, na kila mwezi, Jumapili nikimaliza umuganda wetu sisi wa Sabato, maana wa wengine ni Jumamosi, naenda kumkuna mgongo. Katika Kigali yote nadhani ni yeye peke yake atakayekufa kwa uzee. Analala kwenye nyasi kavu. Maranda hayajui.

Sasa, rafiki yangu, haya usikae nayo peke yako. Mpe yule mpya anayekaa kwenye mashine yangu. Mpe mkaguzi wa machinjio unayemjua, hasa kama ni mtu wa heshima. Mpe mama yeyote mwenye banda, naye ampe jirani yake. Na wakikuuliza kwa kifupi huyo mama alitaka kusema nini, waambie siku wakiona kinundu cheupe waache nyama yake pande zote, wasioshe, na wakate vibaya. Vibaya sana.